KUHAMISHA REHANI YA NYUMBA: UTARATIBU WA KISHERIA NA MAMBO YA KUZINGATIA

Miongoni mwa mali zote anazozichuma mtumishi katika umri wake wa kazi, ni chache zinazoishinda nyumba kwa thamani na kwa utulivu. Mshahara huja na kwenda, samani huchakaa, chombo cha kusafiria huuzwa. Nyumba ndiyo inayobaki kuwa hifadhi ya wazee, wake na watoto. Kwa hivyo, kila nyumba inapotolewa kuwa dhamana ya mkopo, si mkopaji peke yake anayeingia katika jambo hilo. Jamaa yake yote inaingia pamoja naye, wakiwemo wale ambao hawakuulizwa na hawakutia saini.

Wapo wananchi ambao nyumba zao tayari zimo katika rehani, nao wangependa kuiondoa rehani hiyo kwa mkopeshaji wa kwanza na kuiweka kwa mwengine. Sababu zao ni nyingi. Mmoja ameahidiwa riba nafuu zaidi. Mwengine anataka fedha za kuongeza ghorofa au kusomesha watoto. Wa tatu anataka kutoka katika mkopo wa riba na kuingia katika utaratibu wa fedha unaofuata sheria za Kiislamu. Azma hizo zote ni halali. Lakini kuhamisha rehani si sawa na kubadilisha duka la kununulia unga. Ni kazi ya kisheria yenye hatua zake, na hatua moja ikirukwa huweza kuiacha nyumba imefungwa miaka mingi baada ya deni kwisha.

Makala haya yanaeleza hatua hizo kwa mujibu wa hali ya Zanzibar, ili mwananchi ajue analoliomba kabla ya kwenda kuliomba.

MAANA YA REHANI

Katika rehani mna mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. La kwanza ni deni, yaani fedha alizochukua mkopaji na ahadi yake ya kuzirejesha. La pili ni dhamana, yaani nyumba iliyofungwa ili deni lisipolipwa mkopeshaji apate pa kuishika haki yake. Deni hukaa katika vitabu vya mkopeshaji. Dhamana, inapoandikishwa, hukaa katika daftari la Mrajis. Mambo haya mawili huzaliwa pamoja, lakini hayafi pamoja. Deni hufa siku linapolipwa. Dhamana iliyoandikishwa haifutiki mpaka ifutwe katika daftari lilelile ilimoandikwa.

Hapa ndipo penye kosa kubwa kuliko yote. Tuchukue mfano wa mwalimu wa skuli aliyekopa kwa kuweka nyumba yake rehani, akakatwa mshahara wake kwa miaka kumi, akamaliza. Siku ya malipo ya mwisho akapewa risiti, akaiweka sandukuni, akamshukuru Mungu. Miaka kadhaa baadaye mwalimu akafariki. Warithi wake wanapotaka kugawana, au mmoja wao anapotaka kuwalipa wenzake ili abaki na nyumba, daftari linaonesha kwamba nyumba bado ina rehani. Maofisa walioshughulikia mkopo wamestaafu, tawi limehama, na risiti imeliwa na mchwa. Nyumba iliyolipiwa senti ya mwisho inakuwa kama haijalipiwa. Risiti ni ushahidi wa malipo tu. Kinachoifungua nyumba ni daftari.

Inafaa pia kutofautisha njia tatu ambazo watu huziita kwa jina moja. Ya kwanza ni kuongeza mkopo kwa mkopeshaji yuleyule kwa dhamana ileile. Ya pili ni rehani ya pili, ambapo nyumba iliyofungwa kwa mkopeshaji mmoja inafungwa tena kwa mwengine, na rehani ya kwanza ikabaki mahali pake. Ya tatu ndiyo kuhamisha rehani: deni la kwanza linalipwa kwa fedha za mkopeshaji mpya, rehani ya kwanza inafutwa, na rehani mpya inaandikishwa. Tofauti hizi zina uzito, kwani katika ardhi iliyosajiliwa kanuni ni kwamba anayetangulia kusajiliwa ndiye anayetangulia kulipwa. Mkopeshaji wa pili hupata kilichobakishwa na wa kwanza, na kwa sababu hiyo aghalabu hudai faida kubwa zaidi au hukataa kabisa.

FUNZO LA HISTORIA

Rehani si jambo geni Visiwani. Katika karne ya 19, baada ya mikarafuu kuenea Unguja na Pemba, wenye mashamba wengi walikopa kwa dhamana ya mashamba yao. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na madeni yakazidi kuwaelemea waliokuwa nayo.

Kwa kuwa riba ni haramu katika dini, palitumika mkataba uliojulikana kuwa bei ya khiyari. Mwenye shamba alimwandikia mwenye fedha kwamba amemuuzia shamba, kwa sharti kwamba akirejesha fedha katika muda uliowekwa shamba litarudi kwake. Katika muda huo muuzaji huweza kubaki shambani kwake na kulipa kodi, na kodi hiyo ndiyo iliyokuwa faida ya mkopeshaji. Kwa mdomo jambo lilikuwa mkopo. Kwa karatasi lilikuwa mauzo. Muda ulipopita na fedha hazikupatikana, iliyosema ilikuwa karatasi. Tatizo la madeni ya mashamba lilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 1934 serikali ya wakati huo ilitunga sheria ya kuzuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isihamie mikononi mwa watu wengine bila ya idhini.

Historia hiyo inatajwa hapa kwa sababu mtego wake haujafa. Hata leo mtu mwenye shida huweza kutakiwa na mkopeshaji binafsi atie saini hati ya kuuza nyumba, kwa ahadi ya mdomo kwamba hati hiyo itachanwa deni litakapolipwa. Wananchi wanakumbushwa kwamba mkopo uandikwe mkopo, na mauzo yaandikwe mauzo. Kurani Tukufu yenyewe, katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 282, imeamuru deni la muda liandikwe na lishuhudiwe, na aya inayofuata ikataja rehani. Atakayetia saini hati ya mauzo kwa nia ya kukopa atakuwa na kazi nzito ya kuithibitishia mahkama kwamba kilichoandikwa sicho kilichokusudiwa.

NI NYUMBA IPI INAYOWEZA KUWEKWA REHANI

Tarehe 8 Machi, 1964 ardhi yote ya Zanzibar ilitangazwa kuwa mali ya Serikali. Sheria ya Ardhi Na. 12 ya mwaka 1992 iliuendeleza msingi huo: ardhi ni ya umma na imekabidhiwa kwa Rais, na anachokuwa nacho Mzanzibari ni haki ya matumizi ya ardhi. Haki hiyo hupatikana kwa kupewa na Serikali, kwa kutambuliwa katika kazi ya utambuzi wa ardhi, kwa kurithi, kwa kununua au kwa kupewa zawadi, nayo hurithika. Kwa hivyo anayeweka nyumba yake rehani huwa anaifunga haki hiyo pamoja na jengo lililo juu yake. Asiyekuwa na haki hana cha kufunga.

Ikumbukwe vilevile kwamba mambo ya benki ni ya Muungano, lakini mambo ya ardhi si ya Muungano. Benki inayofanya kazi Zanzibar hufuata sheria za benki za Jamhuri ya Muungano, ila nyumba inayowekwa rehani hapa hufuata sheria za ardhi za Zanzibar. Hati ya rehani iliyotungwa kwa kufuata Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 ya Tanzania Bara haiwi sahihi kwa nyumba ya Mwembeladu au Chake Chake kwa sababu tu benki ndiyo iliyoileta. Ikiwa hati inayotolewa inataja sheria ya Bara, mkopaji ana haki ya kuuliza, na wakili wake ana wajibu wa kumjibu.

Zipo nyumba ambazo kabla ya kuzitoa rehani zinahitaji uangalizi maalumu, na nyengine hazifai kabisa kutolewa.

Nyumba ya wakfu haiwekwi rehani. Mali ya wakfu haiuzwi, hairithiwi wala haitolewi zawadi. Na kisichoweza kuuzwa hakiwezi kuwa dhamana. Anayekaa katika nyumba ya wakfu, hata akiwa yeye ndiye anayenufaika na wakfu huo, ana manufaa tu. Penye shaka, suala hupelekwa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana.

Nyumba ya Serikali haiwekwi rehani na mpangaji wake. Mwenye kupanga fleti au nyumba ya Mji Mkongwe ana mkataba wa upangaji, hata kama jamaa yake wamekaa humo tangu miaka ya 1970. Aliyenunua sehemu ya jengo la ghorofa yuko katika hali tofauti, kwani Sheria ya mwaka 2010 kuhusu majengo ya umiliki wa pamoja imeweka njia ya kumiliki sehemu hiyo kwa hati yake.

Nyumba ya urithi ambao haujagawiwa si ya mmoja. Mtoto mkubwa aliyebaki nyumbani, anayelipa umeme na kutengeneza paa, bado ni mrithi mmoja kati ya warithi. Marehemu akiacha mke na watoto, mke ana thumuni, na kinachobaki baada ya wenye mafungu yao watoto hugawana, mwanamume sehemu ya wanawake wawili. Hakuna mrithi anayeweza kufunga zaidi ya fungu lake. Kwa hivyo kabla ya rehani yoyote, kwanza warithi wathibitishwe na Mahkama ya Kadhi au chombo chengine chenye mamlaka, kisha mirathi igawiwe au wote watoe ridhaa kwa maandishi, na haki za watoto wadogo zilindwe na wasimamizi wao. Ridhaa iliyotolewa barazani kwa mdomo, na ndugu mmoja akiwa Muskat au Mombasa hana habari, si ridhaa.

Shamba la eka tatu, miongoni mwa yale yaliyogawiwa wakulima baada ya Mapinduzi, lina masharti yake. Halikutolewa ili liuzwe wala likatwe viwanja, na nyumba iliyojengwa juu yake isitolewe dhamana kabla ya kupata maelezo ya maandishi kutoka mamlaka ya ardhi.

Nyumba yenye karatasi ya sheha peke yake nayo inahitaji tahadhari. Ushahidi wa sheha kwamba fulani amemuuzia fulani ni ushahidi wenye maana, lakini hauwi hati ya haki ya matumizi ya ardhi. Mwenye karatasi hiyo inafaa kwanza aifuatilie haki yake Kamisheni ya Ardhi.

Kuhusu mke au mume, jambo hili lisichukuliwe kuwa dogo. Nyumba nyingi zimeandikwa kwa jina moja na kujengwa kwa jasho la watu wawili, mmoja akatoa mshahara na mwengine akauza dhahabu zake kununua mabati. Mkopeshaji mwangalifu huitaka ridhaa ya mwenza kwa maandishi hata pale ambapo jina lake halimo katika hati, na mkopaji mwenye murua hangoji kuambiwa.

HATUA ZA KUHAMISHA REHANI

Hatua ya kwanza ni kupata taarifa ya maandishi ya salio la deni kutoka kwa mkopeshaji wa sasa. Taarifa hiyo ioneshe deni la msingi, faida iliyofika, malimbikizo kama yapo, ada ya kulipa kabla ya wakati, na tarehe ambayo hesabu hiyo itakuwa sahihi. Mkataba wa kwanza usomwe upya, hasa kipengele cha kulipa mapema, kwa sababu huenda ukataka notisi ya muda fulani.

Hatua ya pili ni kupekua daftari. Kwa ardhi iliyosajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi Na. 10 ya mwaka 1990, upekuzi hufanywa kwa Mrajis wa Ardhi. Kwa mali ambayo haijaingia katika daftari hilo, na hati zake ziliandikishwa kwa utaratibu wa zamani wa usajili wa nyaraka, upekuzi hufanywa katika kumbukumbu za nyaraka hizo. Usajili wa nyaraka ni miongoni mwa kazi za Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Upekuzi hueleza nyumba ina jina la nani, ina rehani ngapi, na kama kuna zuio la mahkama au la mtu anayedai haki. Mkopaji asione uvivu kupekua nyumba yake mwenyewe. Wapo wanaogundua hapo kwa mara ya kwanza kwamba jina lililomo bado ni la marehemu baba.

Hatua ya tatu ni tathmini. Mkopeshaji mpya hutaka mthamini anayekubalika aipime nyumba na kutoa thamani yake. Gharama ya tathmini kwa kawaida ni ya mkopaji, na hairudi hata mkopo ukikataliwa. Kwa hivyo isitangulie upekuzi.

Hatua ya nne ni barua ya masharti kutoka kwa mkopeshaji mpya. Barua hii isomwe kwa utulivu, nyumbani, pamoja na mwenza, na kwa msaada wa wakili asiyekuwa wa benki. Mambo ya kuangalia ni kiwango cha faida na kama kinaweza kupandishwa, muda wa kulipa, ada zote, bima, na kama nyumba inafunga mkopo huu tu au na kila deni jengine atakalokuwa nalo mkopaji kwa mkopeshaji huyo. Kipengele hiki cha mwisho kimewashitua wengi walioshika kadi ya mkopo mdogo wakasahau kuwa nyumba imo ndani yake.

Hatua ya tano ni ridhaa na vibali: vya wamiliki wenza, warithi, mwenza wa ndoa, na, ikiwa ardhi imeshikwa kwa mkataba wa kukodi kutoka Serikalini, kibali kinachotakiwa na mkataba huo.

Hatua ya sita ndiyo kiungo cha kazi yote. Mkopeshaji wa kwanza hawezi kuiachia hati kabla ya kulipwa, na wa pili hataki kulipa kabla ya kuiona hati. Pengo hili huzibwa na ahadi ya maandishi baina yao, kwa kawaida kupitia mawakili: wa pili anaahidi kulipa salio moja kwa moja kwa wa kwanza, na wa kwanza anaahidi kwamba akishapokea fedha atatoa hati ya umiliki pamoja na hati ya kufuta rehani iliyotiwa saini. Fedha zisipite mkononi mwa mkopaji. Mkopaji akipewa fedha hizo taslimu na akazitumia katika shida nyengine, atabaki na madeni mawili juu ya nyumba moja.

Hatua ya saba ni kutia saini hati ya rehani mpya mbele ya mashahidi wanaotakiwa na sheria, kulipa ushuru wa stempu na ada za usajili, kisha kuwasilisha hati zote mbili kwa Mrajis kwa mpangilio wake: kwanza hati ya kufuta rehani ya zamani, halafu hati ya rehani mpya. Mpangilio huu ukivurugika, mkopeshaji mpya hujikuta wa pili katika daftari, naye atamdai mkopaji kurekebisha kwa gharama za mkopaji.

Hatua ya nane, ambayo wengi huiacha, ni kupekua tena. Wiki chache baada ya kuwasilisha, mkopaji aombe nakala ya ukurasa wa daftari na aone kwa macho yake kwamba rehani ya kwanza imefutwa. Nakala hiyo ndiyo ya kuhifadhi sandukuni, pamoja na risiti.

HESABU KABLA YA SAINI

Kuhama kwa ajili ya unafuu kunahitaji kalamu na karatasi. Tuseme mkopaji amebakisha deni la Shs. 20,000,000 na miaka mitano ya kulipa, kwa faida ya asilimia 18 kwa mwaka inayohesabiwa juu ya salio linalopungua. Kwa mwezi atalipa karibu Shs. 508,000. Mkopeshaji mwengine akimpa asilimia 15 kwa miaka mitano hiyohiyo, atalipa karibu Shs. 476,000 kwa mwezi. Tofauti ni Shs. 32,000 kwa mwezi, yaani Shs. 1,920,000 kwa miaka mitano. Gharama zote za kuhama, yaani ada ya kulipa mapema, tathmini, wakili, stempu, usajili na bima, zikiwa chini ya kiasi hicho, amepata faida. Zikizidi, amehama kwa hasara.

Lakini mara nyingi mkopeshaji mpya huja na ahadi tamu zaidi: muda wa miaka kumi. Kwa asilimia 15, malipo ya mwezi yatashuka hadi karibu Shs. 323,000, na mkopaji ataona mzigo umepungua kwa Shs. 185,000 kila mwezi. Hesabu ya jumla inasema vyengine. Kwa mkopo wa zamani angemaliza kwa jumla ya Shs. 30,480,000. Kwa mkopo mpya wa miaka kumi atalipa Shs. 38,760,000, yaani zaidi ya milioni nane juu yake, na nyumba itafungwa miaka mitano zaidi. Huenda akawa na sababu nzuri ya kufanya hivyo, kama vile mgonjwa au ada za skuli. Lakini afanye akijua.

Kwa mtumishi wa Serikali, swali la umri halikwepeki. Mwenye miaka 53 akichukua mkopo wa miaka kumi ataendelea kulipa akiwa mstaafu. Malipo yaliyokuwa yakikatwa katika mshahara yatahitaji mfuko mwengine, nao ni kiinua mgongo au pensheni aliyoitegemea kwa uzee wake. Vilevile bima iliyokuwa ikilinda mkopo wa kwanza dhidi ya kifo cha mkopaji hukoma mkopo huo unapolipwa. Bima ya mkopo mpya huanza upya, kwa umri na afya ya leo. Hakikisha imeanza kabla ya ile ya kwanza kukoma, kwa sababu deni la marehemu hutangulia kulipwa kabla ya warithi kugawana.

KUTOKA MKOPO WA RIBA

Kwa wanaotaka kuondoka katika riba, milango ipo. Benki ya Watu wa Zanzibar, iliyoanzishwa mwaka 1966, ilifungua huduma za Kiislamu mwaka 2011, na zipo benki nyengine zinazotoa huduma hizo. Ieleweke hata hivyo kwamba hapa hakibadiliki jina tu. Katika murabaha benki hununua kitu na kumuuzia mteja kwa bei iliyoongezwa faida inayojulikana. Katika ushirika unaopungua, benki na mteja humiliki nyumba pamoja, na mteja hununua sehemu ya benki kidogo kidogo huku akilipa kodi ya sehemu iliyobaki.

Kwa kuwa ndani ya mikataba hiyo mna kuuza na kununua, mteja aulize mapema: je, jina katika daftari litabadilika au litabaki lake? Ikiwa litabadilika, je, idhini ya uhamishaji wa ardhi inahitajika, na ushuru wa stempu utatozwa mara ngapi? Nyumba itarudi kwake kwa hati gani, na nani atailipia hati hiyo? Kumbukumbu ya bei ya khiyari inatosha kufundisha kwamba mkataba wenye mauzo ndani yake, hata ukiwa halali, lazima uoneshe kwa maandishi njia ya kurudi.

MKOPAJI ANAPOSHINDWA

Rehani ya kisheria haimfanyi mkopeshaji kuwa mwenye nyumba. Humpa haki ya kulipwa kutokana na nyumba hiyo kwa utaratibu. Msingi wa utaratibu huo ni kwamba mdaiwa apewe notisi ya maandishi, apewe muda wa kurekebisha, na nyumba ikiuzwa iuzwe kwa mnada wa hadhara kwa nia njema. Fedha zikipatikana, hulipwa gharama na deni, na baki ni ya mwenye nyumba. Kabla ya kuuzwa, mwenye nyumba anaweza kuigomboa kwa kulipa anachodaiwa.

Anayeona dalili za kushindwa asingoje notisi. Aende kwa mkopeshaji mapema, aeleze hali yake na aombe malipo yapangwe upya. Aliyehamisha rehani mara moja ili kukimbia malimbikizo, na sasa anataka kuhamisha mara ya pili kwa sababu ileile, anajiongezea mzigo, kwani kila uhamisho una gharama zake, na gharama hizo huingia ndani ya deni. Kwake yeye kuuza nyumba kwa hiari, kwa bei ya soko, kulipa na kununua ndogo zaidi, huweza kuwa hifadhi kubwa kuliko kungojea mnada.

WANANCHI WANAKUMBUSHWA

Kwa muhtasari, kila anayekusudia kuhamisha rehani ya nyumba anaombwa azingatie haya: apekue daftari kabla na baada, asitie saini hati ya mauzo kwa ajili ya mkopo, asiiweke rehani nyumba ya wakfu, ya Serikali, wala ya urithi usiogawiwa, apate ridhaa za maandishi, fedha za kulipia deni la zamani ziende moja kwa moja kwa mkopeshaji wa zamani, na jumla ya malipo ihesabiwe, si malipo ya mwezi pekee.

Na kwa wale ambao wameshamaliza madeni yao miaka iliyopita na kuridhika na risiti, wasingoje zaidi. Waende wakiwa hai na wazima, na karatasi zao mkononi, wakaombe hati ya kufuta rehani na kuiandikisha. Jambo hilo leo ni safari chache za ofisini. Wakiliacha, litakuwa kesi ya watoto wao.